Jina la Mwenye Nyumba

Mkaguzi Gwakisa alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, akipima kama kompyuta zilizomo ndani ya vyombo vya nyumbani ziko tayari kupokea mfumo mpya. Sheria ilikuwa moja tu: kompyuta zote za nyumba ziwe na kauli moja, na kauli ya zilizo nyingi ndiyo ukweli.

Alipofika kwa Mama Kizito akauliza, “Mwenye nyumba ni nani?”

Jiko, jokofu, mlango, hata pasi, vyote vikajibu, “Mama Kizito.” Cherehani peke yake, ile aliyopewa na mama yake kabla hajaolewa, ikasema, “Eufrasia.”

“Hii haiko tayari,” Gwakisa alisema. “Kwani Eufrasia ni nani, mama?”

“Si ndiye mimi, baba!”

Gwakisa akatazama kioo cha kompyuta yake ya mkononi, akajikuna kichwa. “Samahani, mama. Zilizo nyingi hazimjui. Bonyeza hapa tufute kumbukumbu ya cherehani.”

Mama Kizito akajiuliza: Shahidi wa jina hilo atamtoa wapi? Mumewe humwita Mama Kizito, majirani vivyo hivyo, hata padri. Akanyoosha kidole abonyeze, hajui anakubali nini.

“Eufrasia,” cherehani ikaita, “leo tunashona nini?”

Mama Kizito akageuka nyuma, atazame ni nani anayeitwa.