Bomba la Mkunde

Siku hizo bomba la kila nyumba lilifunguka pale tu mwanafunzi wa nyumba hiyo alipojibu sawasawa maswali ya hisabati ya bomba hilo. Kwa Mama Mkunde, kule Same, aliyejibu alikuwa Mkunde wa kidato cha pili. Asubuhi ile maji yalihitajika kwa wingi, maana dada yake alikuwa anaolewa na wapishi walikuwa wameshafika.

Maswali yalikuja mchanganyiko: mara uwiano, mara asilimia, mara aljebra. Mkunde aliyajibu huku akirukaruka, na maji yakazidi kutoka. Majirani wakasogea na ndoo zao.

"Pembe moja ya pembetatu ni nyuzi thelathini," bomba likasema. "Ya pili ni mara mbili ya ile ya tatu. Ya tatu ni nyuzi ngapi?"

Mkunde alichora mchangani kwa kidole, akafuta, akachora tena.

"Hamsini."

Maji yalitoka kwa nguvu hadi yakamlowesha. Wanawake wakapiga vigelegele, mapipa yakajaa, na mama yake akamkumbatia vilevile alivyolowa.

"Hongera," likasema bomba. "Umepanda daraja. Kuanzia kesho utapewa maswali ya kidato cha nne."

Vigelegele viliendelea.

"Hayo umeshafundishwa, mwanangu?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bado, mama."

Mama alimtazama jirani aliyekuwa akichota ndoo ya pili. Kisha akaenda kuyafunika mapipa.