Yai la Aina ya Tatu

"Usipasue!"

Evelina aliuinua wembe. Daktari Gosbert alikuwa ameshalifunika yai kwa kiganja, kama mtu anayemkinga mwanawe na mvua.

"Nilitaka kuona ndani tu, Daktari."

"Hili ni yai la aina mpya, dada. Ni mali ya taifa."

Mwaka huo, 1994, kituo chao cha utafiti pale Kibaoni, Ifakara, kilikuwa na chumba kimoja cha maabara, hadubini moja na kazi moja: kulinganisha mayai ya panzi wawindaji, wale wakubwa wenye miguu ya miiba, wanaokula wadudu wenzao. Bondeni zilijulikana aina mbili. Moja hutaga mayai marefu, membamba. Nyingine mafupi, yenye vishimo vishimo kama kastabini. Kwa miaka minne Evelina, fundi wa maabara, aliyapima. Kwa miaka minne Daktari alisaini.

Lakini Daktari hakuvumilia baridi yote ile ya masomoni Ulaya ili aje kupima panzi waliopewa majina ya watu wengine. Alitaka wa kwake.

Akampata kule Lupiro, ng'ambo ya mto, alikolala siku mbili kwa mama mmoja wa Kisukuma aitwaye Mbuke. Mwenyeji wake alipokwenda kuteka maji, Daktari alichimba nyuma ya nyumba kwa mikono yake mwenyewe.

"Kina cha kidole!" alimsimulia Evelina. "Matatu matatu, kila baada ya hatua moja, mstari umenyooka. Umewahi kuona panzi mwenye nidhamu hiyo?"

Evelina aliligeuza yai moja. Gumu, la kahawia, limechongoka upande mmoja.

"Labda tungemuuliza Mbuke."

"Tumuulize mama wa ng'ombe mambo ya sayansi?"

Kesho yake Evelina alipewa barua. Anahamishiwa stoo, na jina lake linaondolewa kwenye ripoti kwa "kukosa imani na utafiti". Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda choo cha nyuma akalia kidogo. Kisha akarudi kumaliza kazi ya mwisho: akapanga mayai ya aina zote tatu kwenye trei za mchanga wenye unyevu, akabandika vibandiko, akakabidhi funguo.

Siku ya nne Daktari alitoka maabara anakimbia.

"Yamevimba! Ya wenzake huchukua miezi. Huyu ana haraka ya maendeleo!"

Akaifunika trei ya tatu kwa kitambaa kibichi, akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa. Kila asubuhi alinyunyiza maji juu ya kitambaa. Jina alishalichagua: panzi angeitwa kwa Kilatini Gosberti. Barua za mwaliko zikaenda wilayani na Morogoro.

Siku ya sherehe, kitambaa kilikuwa kimeinuka katikati.

"Wameanguliwa," Daktari alinong'ona. "Wanasukuma."

Evelina alikuwa ameagizwa kubeba viti. Alikiona kitambaa kile, akaweka kiti chini, akamsogelea Daktari.

"Daktari, tazama kwanza ukiwa peke yako. Nakusihi. Wageni wapewe soda kwanza."

"Bado una wivu?"

Evelina akarudi mlangoni.

Wageni walijaa mpaka barazani. Daktari alihutubia dakika arobaini. Alisema dunia sasa itaijua Ifakara. Alisema wako watu wa stoo ambao hawakuamini, lakini sayansi haina kinyongo. Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi, Mzee Salvatory, mkulima aliyestaafu uongozi wa ushirika, akaombwa asogee karibu awe wa kwanza kumwona panzi huyo.

"Msiogope," Daktari alisema. "Wakiwa wadogo hawaumi."

Akakivuta kitambaa.

Mzee Salvatory alitoa miwani mfukoni, akaivaa taratibu. Akainama. Mchangani palikuwa na miche sita, imepauka kwa kukosa jua, kila mmoja na majani mawili.

"Hongera, Daktari," alisema kwa heshima zote. "Na huyu panzi wako, hupaliliwa mara ngapi kwa msimu?"