Moja Yenye Mguu

Kitu cha kwanza alichokiona Eilís kwenye meza ya kuhesabia kura ni kwamba ile namba moja ilikuwa na mguu. Wapiga kura wengine waliandika moja yao kwa kijiti tu kando ya jina la mgombea waliyemtaka. Hii ilikuwa na kofia juu na kistari chini, tena kando ya jina la mpinzani wa baba yake.

Mjomba Con, wakala wa chama cha baba yake, Leba, aliiona pia. Sanduku lile la kura lilitoka kisiwani kwao, na kisiwani kwao waliobaki kupiga kura walikuwa watu wa nyumba moja.

Jioni baba yake, Muiris Ó Drisceoil, aliyeanza kama mpakua samaki, akaongoza migomo ya bandarini na kukaa bungeni miaka ishirini, alitangazwa kushindwa kwa kura chache.

Kesho yake Con aliwakusanya watu wa nyumba jikoni. Muiris alikuwa nje na mtoto wa mbwa wa kuchungia kondoo, aliyemnunua siku chache kabla ya uchaguzi. Walimcheka sana alipomleta: mbunge anayekaa bungeni Dublin kutwa atamfunza mbwa saa ngapi?

Con alitandaza karatasi ya kufungia mkate. Akataka kila mmoja aandike moja, kama alivyoiandika kwenye karatasi ya kura.

"Nimemzaa mimi, halafu nimnyime kura?" bibi Nóra alisema. "Una wazimu, Con."

Lakini aliandika. Kijiti, kimepinda. Mama akaandika kijiti. Con mwenyewe, kijiti.

Eilís aliandika mwisho. Kofia, kijiti, mguu.

"Kumbe ni wewe, mpole wetu," Con alisema. "Ni yule kijana wako wa mjini Skibbereen, sivyo? Kwao wote ni wa chama kile kingine."

Eilís alitazama mikono yake. Tangu alipotolewa shule ya msingi ili amuuguze bibi, hakuzoea tena kusema mbele za watu. Kimya chake kikachukuliwa kuwa ndiyo. Mama alilia. Ikaamuliwa aende kwa shangazi yake mjini Cork, asirudi mpaka aitwe.

Muiris alipoingia, Con alimweleza yote. Alivua buti polepole, akasema ameshasikia, yaishe.

Jumamosi baba alimsindikiza binti yake gatini. Upepo ulikuwa mkali, naye alikuwa akimpigia mbwa mluzi, kama mtu aliyemaliza kazi ya miaka mingi. Mbwa aliketi, akainuka, akaketi tena.

Mashua ilipofunguliwa kamba, Muiris alimkabidhi mzigo wake bila kumtazama usoni.

"Utaniandikia, mwanangu?"

"Nitaandika, baba, kama ulivyonifundisha mchangani," Eilís alisema. "Na moja nitaitia mguu, kama unavyoitia wewe."