Wimbo wa Maziko

Katika ukumbi ule waigizaji ndio waliogawa chakula, kisha walipanda jukwaani kuwaimbia wageni wakiendelea kula. Mwanakheri alikuwa amesubiri miaka mitatu apewe wimbo wake wa peke yake, wa mama anayemzika mwanawe, akiimba kando ya jeneza la kuigizia. Alipofika ubeti wa pili, bwana wa meza ya mbele akagonga glasi kwa kijiko.

“We dada! Pilipili iko wapi?”

Watu wakacheka. Mwanakheri akapandwa na hasira. Akashuka, akamsimamia.

“Kaka, namzika mwanangu.”

“Zika tu, ila ulete pilipili kwanza!”

Mwanakheri akampokonya sahani ya biriani, akapanda nayo jukwaani, akaketi juu ya jeneza, akaanza kula. Wapiga ala wakarudia kiitikio, wakarudia tena, na ukumbi mzima ukaacha kutafuna.