Teke kwa Jiwe la Uzazi

Umewahi kumwogopa mungu uliyekwisha kuapa kwamba hayupo?

Digidigi alimwogopa. Tangu wanyama walipomkubali Mungu Mmoja, mizimu yote ilitangazwa kuwa mawe tu, hata lile Jiwe la Uzazi ambalo bibi yake alikuwa akilipelekea unga. Waliapa wote, tena kwa sauti. Lakini asubuhi hiyo jiwe lilikutwa limenyunyiziwa unga wa mtama, nao Mwalimu Nungunungu, mwenye bidii ya dini kuliko malaika, akawapanga foleni.

"Kila mmoja atalipiga teke," alisema. "Atakayekataa ndiye mwenye unga, na atahamia kwa simba."

Kanga alilipiga teke akiwa amefumba macho, kisha akamgeukia Digidigi.

"Mbona watetemeka, shoga? Si jiwe tu?"

Digidigi alikuwa na mtoto wa siku tatu. Akikataa, simba watawala wote wawili. Akipiga, na kama bibi alisema kweli, mtoto hatafika jioni. Unga haukuwa wake. Woga ndio uliokuwa wake.

"Mwalimu," akasema, "tuoneshe kwanza. Sisi tutafuata mguu wako."

Wenzake wakaitikia kuwa ni haki. Nungunungu akainua mguu, na mguu ukabaki hewani. Miiba yake ikaanza kugongana kwa kutetemeka, wala hakuna aliyecheka. Mwishowe akaushusha taratibu, kando ya jiwe.

"Mke wangu ameshikwa na uchungu tangu alfajiri," akasema. "Unga ni wangu."