Mikono Kwenye Kioo

Karibu na ndege, dereva harudi nyuma asipoiona mikono ya mwongozaji kwenye kioo cha pembeni. Ikipotea tu, anasimama. Kwa Makame, dereva wa lori la chakula, mikono hiyo ilikuwa ya Siwema miaka yote.

Asubuhi hiyo Siwema alipanda ndege kama abiria, anahamia kwa mwanawe moja kwa moja. Makame alimbebea begi mpaka ngazini, na lililokuwa moyoni akarudi nalo. Ndege ikapaa, uwanja ukabaki mtupu.

"Mzee Makame, rudi tu twende zetu," mwenzake aliita kutoka kivulini. "Hakuna cha kugonga."

Makame alitia gia ya nyuma. Mguu ukabaki juu ya breki. Kwenye kioo lami ilimeremeta kwa jua, naye akaendelea kuitazama.