Kopo la Uji

Siku ya tisa Rukaya anaharisha, na dawa ya wodini imegonga mwamba. Daktari alikuwa akimweleza Bi Somoe, bibi yake Rukaya, kwamba vijidudu vya tumboni vimeizoea dawa ile kwa kukutana nayo kidogo kidogo, mara macho yake yakatua kwenye kopo la uji.

"Kopo hili la nini, bibi?"

"La dawa ya kuku. Usihofu, nimelisugua kwa majivu."

"Kuku wanaumwa?"

"Wataumwaje? Kila asubuhi, kabla hajaugua, Rukaya alikuwa akiwatilia kijiko cha dawa hiyo kwenye maji."

Daktari akaligeuza kopo. Jina la dawa lilikuwa lile lile lililokatwa kwa wino mwekundu kwenye cheti cha mgonjwa. Bi Somoe akasoma huku, akasoma kule.

"Bibi, uji," Rukaya akasema, mkono ameshaunyoosha.

Bi Somoe akabaki ameshika kifuniko, asijue amimine au afunike.